Kabla Sijakupa Ufunguo

Weka begi hapo, juu ya gunia. Keti.
Ufunguo uko mfukoni mwangu na hautoki
mpaka nimalize.

Leseni. Geuza nione muhuri wa pikipiki, si wa gari tu.
Mwaka jana mmoja alinionyesha kadi ya maktaba.

Helmeti: chagua, lakini usichague kwa rangi.
Funga. Tikisa kichwa kama anayekataa posa.
Ikicheza, vua, jaribu nyingine.
Vidole viwili chini ya mkanda, si ngumi nzima.

Kandambili utazivaa ufukweni.
Una viatu vya kamba? Vaa. Na suruali ndefu.
Najua joto, nimezaliwa humu.
Ngozi haina duka la vipuri.

Breki ya mbele hii, ya nyuma hii. Usiamini neno langu:
zunguka nayo hapa uani, ikamate, isikie.
Honi. Taa. Kioo cha kushoto hulegea,
Renante atakikaza.
Renante!

Sasa barabara. Inazunguka Siquijor yote,
hupotei hata ukitaka.
Ukipita Lazi utakuta mpunga umeanikwa juu ya lami,
wa manjano, nusu nzima ya njia,
na mama mwenye reki amekaa kivulini.
Unateleza kama shanga zilizomwagika sakafuni.
Punguza mwendo kabla hujaufikia,
na usiukanyage: ile ni ada ya shule ya mtu.
Mbwa wetu hulala katikati ya njia. Hawapishi.
Jogoo ukimgonga, simama ulipe;
wa kupigana ni ghali kuliko hiki chombo changu.

Mvua ikianza, dakika kumi za kwanza ndizo mbaya,
mafuta yaliyolala kwenye lami huamka.
Ingia duka lolote, nunua mkate, subiri,
sema u mgeni wa Petay.
Wakikukaribisha tembo la mnazi, na watakukaribisha,
kunywa, kisha nipigie simu.
Nitakuja kukuchukua usiku wowote
na sitakuuliza kitu.

Umesikia. Wote husikia,
wote hutikisa kichwa kama wewe hivi.
Lakini mimi silali kwa sababu ya mbwa wala mpunga.

Ninaogopa barabara tupu.

Kwenu mnapita kushoto, umeniambia ukiingia.
Penye magari utafuata wenzio, hutakosea.
Ila alfajiri, saa kumi na moja na nusu,
bahari iko kimya, umeshapiga picha zako,
umeridhika, unarudi barabarani na hakuna mtu:
mkono wako utakumbuka kwenu.
Hautakuuliza.

Aliitwa Gethin. Kijana mpole, alilipa siku tatu mbele.
Alikwenda kilomita nzima upande wake wa utotoni,
pengine akiimba, sijui,
hadi ile kona ya San Juan
ambako Renante alikuwa akija na ndoo mbili za samaki.

Ile juu ya rafu, iliyopasuka. Usiiguse.
Ndiyo ya Gethin. Kichwa kilichokuwamo
kinafundisha hesabu huko kwao,
kila Krismasi kinaniandikia kadi
na mimi sijui nikijibu nini.
Renante hakuvaa. Alikuwa anakwenda sokoni tu,
hapo karibu.
Sasa akichoka husahau jina langu,
mimi niliyemzaa.
Breki hasahau. Mpe boliti yoyote gizani
atakuambia ilitoka wapi.

Haya, anakufungia utepe mwekundu kwenye mpini wa kulia.
Ni wazo lake, si langu.
Kila ukiwasha, uutazame, useme kwa sauti: kulia.
Ukitaka kucheka, cheka, lakini useme.

Sema sasa.

Sikusikia.

Si mimi. Mwambie yeye.